Kesi ya Punda Aliyepita Bila Bata

Uholanzi haina milima. Karibu robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, na wenyeji wameishikilia kwa matuta marefu ya udongo na vinu vya upepo vya kuvuta maji. Beemster, kaskazini mwa Amsterdam, lilikuwa ziwa hadi mwaka 1612. Leo ng'ombe wanalisha hapo. Jirani na Beemster, wasema wasimulizi, palikuwa na kijiji cha wanyama, na kila mnyama alibeba neno moja la Kiholanzi. Barabara za kijiji hicho zilikuwa sentensi. Ukitaka kusema jambo unawapanga wanyama barabarani, wanapita, jambo limekwisha semwa.

Wanyama hao walikuwa wa matabaka mawili. Waungwana walipita barabara yoyote, saa yoyote. Farasi Moeten, ambaye maana yake ni lazima, aliamka alfajiri akakimbia huku na huko: Je moet komen, lazima uje, je moet betalen, lazima ulipe. Hakuna aliyemuuliza kibali. Tabaka la pili liliandikwa kwenye Daftari la Lango. Hao hawakuruhusiwa kuweka mguu barabarani mpaka atangulie mdhamini, na mdhamini aliyejulikana na wote alikuwa Bata Bukini mmoja, mnene, shingo ndefu, aliyeitwa Niet. Maana yake ni si.

Wa kwanza daftarini alikuwa Punda Hoeven. Jina lenyewe lilimfaa, maana hoef kwa Kiholanzi ni kwato. Mzigo wake ulikuwa haja, karibu sawa na mzigo wa Farasi, ila haja ya Punda haitajwi mpaka ikanushwe. Je hoeft niet te komen: huna haja ya kuja. Mwondoe Bata hapo, sentensi inaanguka kifudifudi, na kila Mholanzi anaona imeanguka hata kama hawezi kueleza kwa nini. Maisha yote Punda aliitwa ili aambiwe haitajiki.

Alifuata Kondoo Mals. Malishoni alikuwa huru kabisa, kwa kuwa nyasi laini ni mals na nyama laini ni mals. Lakini siku mtu akipewa maneno makali na wakubwa wake, Mals anatafutwa atoe sifa ya maneno hayo, na hapo hawezi kupita ila nyuma ya Bata: de kritiek was niet mals, lawama hazikuwa laini. Sungura Pluis naye, mwenye manyoya mengi, aliitwa pale penye harufu ya ubaya: het is daar niet pluis, pale si salama, pana jambo. Kwamba mahali fulani ni pluis, hilo hasemi mtu, isipokuwa madaktari wa familia wa Uholanzi, ambao wamezoea kuzungumza kuhusu hisia ya pluis na hisia ya niet-pluis wanapomtazama mgonjwa. Sungura akiingia zahanati anatembea peke yake. Akitoka nje anarudi daftarini.

Paka, Poes kwa lugha yao, alikuwa na kisa chake. Kazi ngumu au mtu mkali husemwa kuwa niet voor de poes, si wa kumpa paka. Paka alikasirika miaka mingi: ni kazi gani basi iliyo ya paka? Hakujibiwa. Hakuna.

Lakini waliodhulumiwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Mbwa na Kuku. Kwa kubweka na kutaga hawakuwa na kizuizi. Shida ilianza walipotaka kusimama kwa niaba ya mtu yeyote. Sherehe ikijaa watu mpaka uani, hakuna anayesema palikuwa na mbwa. Ikikosa watu ndipo wanaitwa haraka: er was geen hond, hapakuwa na mbwa, yaani hapakuwa na mtu, geen kip op straat, hakuna kuku barabarani, yaani mji mtupu. Wanahesabiwa wasipokuwepo tu. Nimesikiliza hotuba za bajeti za kutosha kujua kwamba raia wa namna hiyo hawako Uholanzi peke yake.

Na Panya wawili, Ook na Maar, waliofungwa mikia pamoja. Mmoja mmoja walikuwa waungwana, ook akimaanisha pia na maar akimaanisha lakini. Wakifungwa mikia wanageuka kitu kingine, kidogo kabisa, kama tunavyosema hata kidogo au hata mmoja: niemand heeft ook maar iets gezien, hakuna aliyeona hata kitu kimoja. Sisi nasi tuna katu, abadani na asilani, wazee watatu wasiopenda kukaa na sentensi ya kukubali, kwa hiyo msomaji asiwacheke Waholanzi mapema.

Bata Niet alitoza yai moja kwa kila anayempitisha. Akisema kazi yake ni nzito. Akisema ukoo wake, akina Geen na Niemand na Nooit na Nergens, ndio unaoshikilia kijiji kisizame, na kwamba tuta la bahari ni la pili kwa umuhimu. Watu walimwamini, kwa kuwa aliye langoni huonekana ndiye mwenye nyumba.

Jambo ambalo hakupenda litajwe ni kwamba langoni hakuanzia yeye. Zamani, katika Kiholanzi cha kale, bawabu alikuwa mzee mdogo wa mwili, sauti ya chini, aliyeitwa En. Alisimama mbele ya kitenzi na kukikanusha peke yake. Baadaye sauti yake ikawa hafifu mno, wakampa msaidizi wa kuikazia, na msaidizi huyo ndiye Niet: ic en weet niet, sijui. Wakafanya kazi pamoja kwa karne kadhaa. Biblia ya Kiholanzi ya mwaka 1637 bado inawaonyesha wote wawili, En mbele, Niet nyuma. Karne hiyohiyo ya 17, katika mikoa ya Uholanzi, mzee aliachwa kando, msaidizi akabaki na ofisi, na mwaka uliofuata akaanza kutoza mayai. Vijijini Flanders wapo wanaomwita mzee En hadi leo. Mwanaisimu Mdenmark Otto Jespersen aliandika mwaka 1917 kwamba lugha nyingi hufanya hivyo: mkanushaji anachoka, anapewa msaidizi, msaidizi anarithi kiti. Wanasiasa wanaosoma sarufi wangelala na jicho moja wazi.

Basi siku moja ya soko Punda alikamatwa.

Alionekana kwenye Barabara ya Kengele, saa nne asubuhi, akipita kifua mbele: Je hoeft alleen te bellen, unachohitaji ni kupiga kengele tu. Niet hayumo. Geen hayumo. Hakuna hata mmoja wa ukoo wa Niet. Aliyekuwa naye ni Mjusi Alleen, ambaye maana yake ni tu, na ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kwa lolote.

Bata alipiga kelele hadi madirisha yakafunguka. Punda akapelekwa mbele ya baraza la maji. Kule Uholanzi mabaraza ya maji ni ya tangu karne ya 13, kwa kuwa bahari haikungoja serikali, na kijijini hapo baraza hilo ndilo lililokuwa mahakama. Mwenyekiti alikuwa Mzee Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja kesi nzima. Mbweha alisoma mashtaka: kupita bila mdhamini, kulinyima lango yai lake, na kuleta fujo ya maana.

"Punda, unakiri?"

"Mheshimiwa, nimepita," alisema Punda. "Wala si mara ya kwanza. Nimepita na Weinig, wachache: wanyama wachache wana haja ya kuja. Nimepita na Nauwelijks, kwa shida. Na hawa Panya waulizeni wanapita na nani wakati Bata amelala."

Panya walijaribu kujificha chini ya benchi. Wakavutwa kwa ule mkia mmoja wakakiri: hupita na Zonder, bila, kwa mfano mtu akiondoka zonder ook maar iets te zeggen, bila kusema hata neno. Hupita na Voordat, kabla. Na kosa lililoshtua ukumbi ni kwamba wameonekana uani kwa Iedereen, yaani kila mtu, tajiri mkubwa wa kukubali asiye na hata tone la ukanushaji katika damu yake: iedereen die ook maar iets weet, moet spreken, kila anayejua hata kitu kidogo, lazima aseme.

"Kwa Iedereen!" alisema Bata, akakosa pumzi. "Kesho watalala kwa Farasi."

Hapo ndipo alipoinuka Bundi, aliyetoka Groningen na jibini la Edam chini ya bawa, lile la mviringo kama mpira. Aliomba ruhusa ya kuwaonyesha wazee kitu nje. Wakatoka.

"Waheshimiwa, tumekaa miaka tukiamini nchi yetu ni tambarare. Ardhi ni tambarare, sentensi si tambarare. Wekeni neno pana juu, tunda. Wekeni neno finyu chini yake, tufaha. Sasa twende Barabara ya Niemand. Hakuna aliyekula tunda. Kama ni kweli, je, ni kweli pia kwamba hakuna aliyekula tufaha?"

"Ni kweli," akasema Korongo.

Bundi akaachia jibini. Likabingirika kutoka tunda hadi tufaha bila kusukumwa.

"Twende Barabara ya Farasi. Farasi lazima ale tunda. Je, ina maana lazima ale tufaha?"

"Huenda akala pea."

Jibini likakaa pale pale.

Wakapita mtaa mmoja mmoja. Aliondoka bila kula tunda, basi aliondoka bila kula tufaha: linabingirika. Wachache walikula tunda, basi waliokula tufaha ni wachache: linabingirika. Kwa Iedereen wakakuta maajabu. Uani kwake, mahali panapoelezwa ni kila mtu yupi, palikuwa na mteremko: kila aliyeiba tunda atafungwa, basi kila aliyeiba tufaha atafungwa. Sebuleni, mahali panaposemwa kila mtu alifanya nini, mteremko ulikwisha: kila mtu aliiba tunda, lakini nani kasema wote waliiba tufaha? Na Panya, walipoulizwa, walisema hawajawahi kukanyaga sebuleni. Uani tu.

"Kwa hiyo," alisema Bundi, "wanyama hawa hawakuwa wakimtegemea Bata. Walikuwa wakitafuta barabara inayoshuka. Kwa Bata pana mteremko, ndiyo maana wanamfuata. Amekuwa akitoza mayai kwa mteremko ambao hakuuchimba."

Niache hekaya kidogo niseme kwamba Bundi hakuyatoa hayo kichwani mwake. Kanuni ya mteremko ilielezwa na William Ladusaw katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1979, na hesabu yake ni ileile ya jibini: neno la aina hii hukubalika mahali ambapo ukweli wa kundi pana unateremka hadi kundi finyu. Groningen ndiko walikoichukua wakaifanya kazi ya maisha. Frans Zwarts aliandika kuhusu maneno hayo ya Kiholanzi mwaka 1981, miaka mingi kabla hajawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Groningen. Jack Hoeksema amekusanya mifano ya karne nyingi. Ton van der Wouden akatoa kitabu kizima mwaka 1997. Ni watu wazima waliokaa wakajiuliza kwa nini lawama haziwezi kuwa laini ila zikikanushwa. Ninawaheshimu kuliko wengi wanaojiuliza mambo makubwa.

Turudi barazani, maana Bata hakukaa kimya.

"Kama mteremko ndio kila kitu," alisema, "mbona Panya hawapiti kwa Weinig? Jibini lilibingirika kwa Weinig, nimeliona kwa macho yangu. Punda anapita pale. Panya wakijaribu, wachache waliona ook maar iets, sentensi inavunjika mgongo. Nendeni mkajaribu."

Wakaenda wakajaribu. Ikavunjika.

Bundi akakubali, akasema miteremko haifanani ukali. Akaleta ng'ombe 10. Watatu wakala tufaha, watatu wengine wakala pea, wanne hawakula. Waliokula tufaha ni wachache? Wachache. Waliokula pea? Wachache. Waliokula tufaha au pea? Sita kati ya 10, na hao si wachache tena. Kwa Weinig, basi, ukijumlisha madogo mawili unaweza kupanda juu bila kujua. Kwa Niemand haiwezekani. Kama hakuna aliyekula tufaha, na hakuna aliyekula pea, hakuna aliyekula tufaha wala pea, utajumlisha hadi kesho. Panya wana miguu mifupi. Wanataka mteremko ule wa pili, usio na kijilima cha kujificha.

"Na Mals?" Korongo aliuliza, akabadilisha mguu.

Kondoo Mals aligeuka kuwa ndiye mwenye madai makubwa kuliko wote. Hata Barabara ya Niemand haikumtosha. Bundi alieleza hivi. Ukisema hakuna aliyekula vyote viwili, tufaha na pea, haina maana kwamba mojawapo halikuguswa na yeyote. Mmoja anaweza kula hili, mwingine lile. Ukimkanusha mnyama mmoja kwa Niet mwenyewe, si kweli kwamba Farasi alikula tufaha na pea, basi mojawapo hakulila, hakuna pa kupenya. Huo ndio mteremko mkali kabisa, ukuta hasa, na Mals hashuki ila ukutani. Kwa hiyo yeye anamhitaji Bata kwa haki, na yai lake lilikuwa halali.

Bata alivimba kidogo.

Kisha Mbweha akatoa swali ambalo, nakiri, lilikuwa zuri. "Bundi, umezunguka kijiji kizima na jibini lako, umesahau barabara yenye kesi. Mjusi Alleen. Punda alikamatwa na Alleen, hakukamatwa na Niemand. Tuonyeshe."

Wakaenda Barabara ya Kengele. Farasi tu ndiye aliyekula tunda. Je, basi Farasi tu ndiye aliyekula tufaha?

Kimya. Huenda Farasi alikula pea na tufaha halikuliwa na yeyote. Jibini likabingirika kidogo, likagonga kokoto, likasimama katikati.

Bata alicheka mpaka akapaliwa.

Bundi aliinama akalitazama jibini kwa muda. "Ondoeni kokoto," alisema hatimaye. "Tukubaliane kwanza kwamba Farasi alikula tufaha, jambo ambalo anayesema tu hulichukua kuwa linajulikana. Tukishakubaliana hivyo, na kama Farasi tu ndiye aliyekula tunda, basi Farasi tu ndiye aliyekula tufaha." Wakaondoa kokoto. Likabingirika. Mwanaisimu Kai von Fintel ndiye aliyeliondoa kokoto hilo kwa maandishi mwaka 1999, na wapo wanaomlaumu mpaka leo kwamba ukiruhusiwa kuondoa kokoto, kila barabara itashuka. Anastasia Giannakidou, aliyesomea palepale Groningen, aliamua kuacha mteremko na kuuliza jambo jingine: je, barabara hii inahakikisha kwamba jambo limetokea kweli, au haihakikishi? Mahali pasipo na uhakika, asema, ndipo maneno hayo yanapopata nafasi. Maelezo yake yanapokea barabara nyingi zaidi, yakiwamo maswali. Lakini barazani hakuwepo, na Korongo alikuwa amechoka.

"Swali la mwisho," alisema Mbweha. "Uani kwa Iedereen pana mteremko. Mbona Punda mwenyewe haingii uani pale? Panya wanaingia, yeye hapana. Kila aliye na haja ya kuja, kwa Hoeven, haisemeki."

Wote wakamgeukia Punda.

"Sipendi," alisema Punda.

Bundi alifungua bawa, akalifunga. Ni jibu ambalo wanaisimu wa Uholanzi wamelipata mara nyingi, kwa maneno marefu zaidi.

Hukumu ilisomwa siku hiyohiyo. Punda aliachiwa. Daftari lilibaki, kwa kuwa baraza halijawahi kufuta daftari, ila pembeni ya kila jina paliandikwa ukali wa mteremko anaouhitaji mwenye jina. Mayai ya Punda, Panya, Mbwa na Kuku yalifutwa. Bata aliruhusiwa kuendelea kutoza Kondoo, Paka na Sungura, watatu tu, na Sungura akionyesha cheti cha daktari anasamehewa.

Bata Niet hakuweza kuishi kwa mayai matatu. Alikumbuka kwamba ana ndugu ng'ambo. Mnamo tarehe 6 Aprili 1652 Jan van Riebeeck alitia nanga katika ghuba ya Rasi ya Tumaini Jema kwa niaba ya kampuni ya biashara ya Waholanzi, na miongoni mwa meli zake moja iliitwa Drommedaris, yaani ngamia, na nyingine Reijger, ambalo ni jina la ndege anayefanana na Korongo. Maneno mengi ya kijiji yalisafiri kwa meli za namna hiyo. Hekaya haina kalenda, kwa hiyo Bata naye akapanda, akiwa na barua ya kujitambulisha.

Rasi aliikuta imebadilika. Wenyeji Wakhoekhoe walikuwa wamekwisha kuzungumza Kiholanzi kwa namna yao, na watumwa walioletwa kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagaska na pwani ya Msumbiji kwa namna yao, na watoto wa walowezi wakakulia mikononi mwa hao wote. Kilichozaliwa humo ni Kiafrikana. Waislamu wa Cape Town walikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama sisi tulivyoandika Kiswahili. Kitabu cha Abu Bakr Effendi cha mafunzo ya dini kilichapishwa Istanbul mwaka 1877. Mwaka 1875, mjini Paarl, kilikwisha kuundwa chama cha kukitetea Kiafrikana, na mwaka 1925 kikatambuliwa kuwa lugha rasmi. Paka alikuwa ametangulia kufika akaambiwa abadilishe jina haraka, kwa sababu ambayo msomaji amuulize mtu mzima wa Cape Town, asiniulize mimi.

Bata alipokelewa bandarini na karani, Nyani Traak. Huyu ni mtoto wa kulekule Rasi, aliyechipuka kwenye neno la Kiholanzi la kugusa, na anaandamana na ukanushaji tangu kuzaliwa: dit traak jou nie, hayakuhusu. Tabia yake imekuwa neno zima la kusema mtu asiyejali, traak-my-nie-agtig. Hakuinua macho.

"Jina?"

"Niet."

"Hapa ni Nie. T iache melini."

"Ndugu yangu Punda yupo?"

"Hoef yupo. Anafanya kazi. Jy hoef nie te kom nie."

Bata alisikiliza tena. "Umesema nie mara mbili."

"Wapo wawili. Mmoja anakanusha, mwingine anafunga sentensi. Ikiwa yule wa kwanza yuko mwishoni tayari, kama katika ek weet nie, sijui, hatuongezi. Ikiwa maneno yanaendelea baada yake, wa pili anakuja kufunga."

"Nani aliwafundisha hivyo?"

"Inabishaniwa," alisema Nyani, akageuza ukurasa. Wengine hutaja Wakhoekhoe, ambao kikanushi chao tama hukaa baada ya kitenzi. Mwanaisimu Hans den Besten aliitetea hoja hiyo kwa nguvu. Wengine hutaja wakulima wa Kiholanzi waliokuwa wakirudia niet mwishoni kwa kusisitiza. Nadhani waliotoka pande zote mbili walikutana jikoni na hakuna aliyeandika kumbukumbu.

"Mimi nataka kazi ya mbele," alisema Bata. "Nina uzoefu wa lango."

"Mbele pamejaa. Yupo Nie, yupo Nooit, yupo Geen, yupo Niemand. Nafasi iliyopo ni ya nyuma."

"Ya kukanusha?"

"Ya kufunga. Ukanushaji unakuwa umeshafanyika kabla hujafika. Wewe ukikosekana, maana inabaki ileile, ila mwalimu atakasirika."

Bata alifikiri juu ya mayai, juu ya safari, juu ya baridi ya Beemster. Akachukua kalamu. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi kwenye fomu.

"Hapa panasema mdhamini."

"Ndiyo. Nie wa nyuma haruhusiwi kuingia kwenye sentensi ambayo hakuna mkanushaji aliyetangulia. Ek praat Afrikaans nie, haipo. Lazima awepo mwenzako mbele."

"Mimi niwe na mdhamini? Mimi?"

"Dit traak my nie," alisema Nyani.

Fomu hiyo ilijazwa na kupigwa mhuri. Jina: Nie. Mahali pa kazi: mwisho wa sentensi. Ushuru anaotoza: hakuna. Mdhamini: Niemand. Tangu siku hiyo wanafanya kazi pamoja, na sentensi yao ya kwanza imo katika vitabu vya kujifunza Kiafrikana: niemand het gekom nie, hakuna aliyekuja.